Tuwasimulie watoto habari za leprikoni kabla ya kuwanunulia kofia za kijani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie jambo ambalo mwezi Machi uliopita lilizua maneno mengi vibarazani hapa Tanga, na ambalo nina hakika litarudi tena mwakani kama halitazungumzwa mapema. Shule moja ya awali na msingi ya mchepuo wa Kiingereza iliwapelekea wazazi kikaratasi ikiwataka wamvalishe kila mtoto fulana ya kijani, wamtafutie kofia ndefu ya rangi hiyohiyo, na wamfungashie chokoleti zilizoviringishwa katika karatasi ya rangi ya dhahabu, kwa ajili ya kile kilichoitwa siku ya leprikoni. Maelezo mengine hayakuwapo. Wazazi wenye uwezo walinunua, wasio nao walikopa, na wengine waliwazuia watoto wao nyumbani siku hiyo kwa kuamini kwamba shule imeanza kuwafundisha mambo ya majini. Mjukuu wangu ni miongoni mwa waliokwenda. Aliporudi nilimuuliza leprikoni ni nani, akanijibu kwamba ni mzungu mfupi anayependa chokoleti.

Sina ugomvi na leprikoni, Mhariri. Nilifundisha shule za msingi kwa muda mrefu, na ninajua jinsi hadithi ya mbali inavyoweza kumfungua mtoto macho hata akaiona upya hadithi ya nyumbani kwao. Linalonisikitisha ni kwamba watoto wetu walipewa mapambo wakanyimwa hadithi, ilhali hadithi ndiyo yenye uhondo, na wala haiuzwi dukani.

Leprikoni ni kiumbe wa masimulizi ya Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi mwa Uingereza. Wasimulizi wa huko humweleza kuwa ni kizee kifupi mno, chenye uso wa makunyanzi, kinachoishi peke yake na ambacho kazi yake ni ushonaji wa viatu. Mpita njia aliye karibu na ua wa miti husikia kinyundo kikigonga kisigino, ko, ko, ko, na akichungulia polepole humwona amekaa, aproni ya ngozi imefunika mapaja yake, kiatu kimoja kiko mkononi. Siku zote ni kiatu kimoja. Cha pili hakionekani. Yeyote anayewafahamu mafundi viatu wa Ngamiani, wale wanaokaa kivulini na misumari midomoni wakimjibu mteja bila kuinua macho, atamtambua mara moja. Kwa kazi yake ya miaka isiyohesabika leprikoni amejiwekea dhahabu nyingi na kuifukia katika chungu, na mwenye bahati ya kumkamata anaweza kumlazimisha aonyeshe mahali kilipo, mradi asiondoe macho yake kwake hata kwa kupepesa. Hapo ndipo ujanja unapoanza. Leprikoni atakuambia kwamba nyuki wako wanatoka mzingani, kwamba ng'ombe wameingia katika shamba lako la nafaka, kwamba nyuma yako kuna moto. Ukigeuka kutazama, ukirudisha macho utajikuta umeshika hewa.

Hata hiyo rangi ya kijani iliyowasumbua wazazi haina uzee unaodhaniwa. Mwandishi Samuel Lover, aliyemweleza leprikoni mwaka 1831, alimvalisha koti jekundu lenye mapambo ya dhahabu, na mshairi W. B. Yeats, mwaka 1888, alieleza kwamba viumbe wa aina hiyo wanaoishi peke yao huvaa nyekundu, wakati wale wanaotembea makundi makundi ndio wanaovaa kijani. Kijani kilimwingia leprikoni baadaye, kadiri alivyozidi kutumiwa kama nembo ya taifa lake. Kwa hiyo mzazi aliyekosa kijani akamvalisha mwanawe fulana ya Simba alikuwa karibu zaidi na wazee wa Ayalandi kuliko mwalimu aliyemrudisha mtoto huyo mstari wa nyuma wakati wa kupiga picha.

Miongoni mwa hadithi zote za leprikoni ninazozifahamu, ipo moja ambayo ningependa kila mwalimu wa awali aijue kwa moyo, kwa sababu inabeba tabia yake yote. Kijana mmoja aitwaye Tom alikuwa akitembea siku ya sikukuu wakati wa mavuno, akasikia mlio nyuma ya ua wa miti. Kwanza alidhani ni ndege. Alipochungulia, akamwona leprikoni akishona kiatu chake, akamrukia na kumkamata, akamtisha kwamba atamuua asipoonyesha dhahabu yake. Leprikoni akajaribu hila ya ng'ombe, lakini Tom, ingawa alikaribia sana kugeuka, alizidi kumkaza. Wakaenda mwendo mrefu, wakivuka nyua, mitaro na ardhi ya matope, mpaka wakafika katika shamba kubwa lililojaa magugu marefu yenye maua ya njano. Leprikoni akanyoosha kidole kwenye gugu moja, akasema, chimba hapa, utakuta chungu kimejaa dhahabu. Tom hakuwa na sepetu. Akavua utepe mwekundu aliofungia soksi yake, akaufunga kwenye gugu lile, akamwapisha leprikoni kwamba hataugusa. Leprikoni akaapa, kisha akauliza kwa adabu nyingi kama kuna jambo jingine analohitajiwa. Tom akamruhusu aende zake, akamtakia na heri, akatimua mbio nyumbani kuchukua sepetu. Aliporudi alikuta magugu yote ya shamba lile, zaidi ya ekari arobaini, yamefungwa utepe mwekundu, kila mmoja sawasawa na wake.

Tazameni jinsi kiapo kilivyotimizwa. Leprikoni hakuugusa utepe wa Tom. Katika kiapo chake hakusema uongo hata kidogo, na Tom hakuwa na pa kumshitaki. Niliwasimulia watoto wa jirani hadithi hii barazani kwangu, nikaikatisha pale Tom alipogundua hana sepetu, nikawauliza wao wangefanya nini. Mmoja akasema angekaa juu ya gugu lile mpaka baba yake aje. Dada yake akamuuliza nani atakayekwenda kumwita baba. Mwingine, mtoto mdogo ambaye huwa hazungumzi sana, alisema angemfunga leprikoni kamba shingoni, amburure mpaka nyumbani kuchukua sepetu, kisha amrudishe, na njia nzima asiache kumtazama. Walibishana mpaka magharibi, na nilipowaambia mwisho wake walipiga kelele hata majirani wakatoka nje. Kisha nikawataka wafikirie shamba la mkonge upande wa Muheza, mistari iliyonyooka mpaka macho yanapokoma, kila mche umefungwa utepe mwekundu, na wewe umesimama katikati na sepetu yako begani. Mtoto wa Tanga haelezwi zaidi ya hapo.

Kuna simulizi nyingine iliyo kongwe zaidi, ambayo wataalamu huiweka karibu na karne ya 8, na ndiyo ya kale kabisa inayowataja viumbe hawa. Humo hamna fundi viatu wala dhahabu. Mfalme Fergus mac Léti wa Ulster amelala karibu na bahari, na viumbe vidogo vya baharini vinamwinua ili vimpeleke kilindini. Miguu yake inapogusa maji ya baridi anazinduka, anavidaka vitatu, navyo vinajikomboa kwa kumpa uwezo wa kutembea chini ya bahari na maziwa yote, isipokuwa mahali pamoja palipo katika nchi yake mwenyewe. Bila shaka msomaji ameshajua alikokwenda mfalme. Alikutana huko na joka la chini ya maji, na uso wake ukapinda kwa hofu. Watoto wanaooga Raskazone wanaonywa na bibi zao juu ya chunusi, anayemvuta mwogaji miguu na kumzamisha, na nadhani hawatapata shida yoyote kumwelewa Fergus. Watauliza tu kwa nini yeye alizinduka ilhali wengine hawazinduki.

Sasa nije kwa wazazi waliowazuia watoto wao. Sitawabeza, kwa kuwa majini wametajwa katika Kurani, na kwa Mwislamu habari yao ni ya imani, si ya mchezo wa darasani. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto wa Tanga akasema kwamba leprikoni ni jini mzuri wa Kizungu atakuwa amejitafutia balaa bila sababu, na ameharibu mambo mawili kwa pamoja. Leprikoni awekwe anapoishi Sungura na anapoishi zimwi, yaani ndani ya hadithi, na mlango wa kuingilia humo wazee wetu walishautengeneza zamani. Msimulizi huita paukwa, wasikilizaji wakaitikia pakawa. Au huanza na hadithi, nao wakajibu hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Mtoto anayeitikia hivyo amekwisha kuambiwa kwamba kinachofuata ni uongo mtamu, na amekubali kwa kinywa chake mwenyewe. Ndiyo maana sipendi ile desturi, ambayo nasikia imeanza kuingia hapa, ya mwalimu kupaka nyayo ndogo za rangi sakafuni usiku na asubuhi kuwaambia watoto kwamba leprikoni amepita. Huko Marekani watoto wamekua nayo na wazazi wanajua mipaka yake. Hapa kwetu mtoto wa miaka minne atalala na taa.

Kuhusu tarehe, tarehe 17 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, na leprikoni hahusiki nayo. Patrisi aliishi karne ya 5. Alikuwa kijana wa Uingereza, alitekwa akiwa na umri wa karibu miaka 16, akapelekwa utumwani Ayalandi, akachunga mifugo kwa miaka 6 mpaka alipotoroka, na baadaye akarudi kwa hiari yake kuwahubiria watu waliomfanya mtumwa. Hiyo ni habari ambayo watu wa Pangani na Bagamoyo wataielewa upesi, na inastahili kusimuliwa peke yake na kwa heshima, hasa kwa watoto wa Kikristo. Leprikoni aliunganishwa na siku hiyo kwa sababu tu ni siku ambayo Waairishi, yaani watu wa Ayalandi, waliotawanyika duniani hukumbuka kwao, na palipo na kumbukumbu za nyumbani hata fundi viatu wa kichawi hualikwa. Isitoshe, miaka ya 2024, 2025 na 2026 tarehe hiyo imeangukia ndani ya Ramadhani, na kugawa chokoleti darasani mchana wa mwezi huo ni kukosa utu, hata kama watoto wadogo hawajalazimika kufunga. Basi nashauri tarehe iachwe. Leprikoni ana siku yake nyingine inayofaa zaidi, nayo ni siku yoyote ya masika ambayo mvua inanyesha na jua linawaka, ile ambayo watoto wetu husema simba anazaa.

Nasema hivyo kwa sababu, katika masimulizi yaliyoenea zaidi siku hizi, chungu cha dhahabu kimefukiwa pale upinde wa mvua unapogusa ardhi. Mwalimu mwenye akili atalitumia hilo kuwafundisha watoto jambo la kweli wakiwa bado wanacheka. Upinde huonekana pale jua linapokuwa mgongoni mwa mtazamaji na mvua ikiwa mbele yake. Nuru huingia ndani ya tone, hupinda, hurudishwa na ukuta wa nyuma wa tone, kisha hutoka ikiwa imetawanyika katika rangi zake, na rangi hizo humfikia mtazamaji kwa pembe ya karibu nyuzi 42 kutoka upande ulio kinyume na jua. Kwa sababu hiyo jua likiwa juu kupita nyuzi hizo, upinde wa angani hauonekani kabisa. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwezi Machi jua la saa sita mchana hutusimamia karibu na utosi, hivyo anayetafuta upinde saa hiyo anapoteza muda wake. Autafute asubuhi kabla ya saa tatu, upande wa magharibi zilipo Usambara, au alasiri baada ya saa kumi, upande wa bahari. Kila mtu huuona upinde wake mwenyewe, kwa kuwa unategemea mahali yalipo macho yake. Ukipiga hatua nao unapiga hatua. Watoto wawili wakitumwa kukimbilia mwisho wa upinde watarudi wamelowa, wanahema, na kila mmoja akiapa kwamba uliwakimbia. Wakielezwa sababu wakati huo, hawataisahau. Mvua ikigoma, mpira wa kumwagilia maua na jua la jioni vinatosha.

Mtego nao ni mchezo mzuri sana, ingawa asili yake ni Marekani zaidi kuliko Ayalandi. Watoto wa huko hutengeneza mtego kwa boksi la viatu, ngazi ya vijiti na kitu kinachong'aa cha kumvutia leprikoni, wakauacha usiku na kuukagua asubuhi. Hapa petu hakuna haja ya kununua chochote. Watoto wetu wanajua kutega njiwa kwa tenga lililoinamishwa juu ya kijiti, kijiti kimefungwa kamba, na kamba imeshikwa na aliyejificha nyuma ya mlango. Na kama kuna mji ambao haupaswi kukosa kamba nzuri ya mtego, ni mji huu wa katani. Tofauti kati ya mtoto aliyesikia hadithi na yule aliyenunuliwa kofia utaiona katika chambo. Aliyenunuliwa kofia ataweka chokoleti. Aliyesikia hadithi atakumbuka kwamba fundi yule daima ana kiatu kimoja, na ataweka chini ya tenga kandambili moja. Katika nyumba zetu kandambili zisizo na mwenzake hazikosekani. Yule mtoto mdogo niliyemtaja alikwenda mbali zaidi: alitoboa tundu ubavuni mwa boksi lake, na nilipomuuliza la nini, akasema ni la kumchungulia leprikoni akishanaswa, maana ukifunua kifuniko huku unapepesa macho amekwenda.

Nikiwa bado katika habari za Marekani, niseme neno juu ya mwandishi wa habari mmoja, kwa kuwa barua hii inakwenda gazetini. Katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, Dick Fagan wa gazeti la Oregon Journal alikuwa akiona kutoka dirisha la ofisi yake tundu katikati ya barabara lililochimbwa kwa ajili ya nguzo ya taa ambayo haikuletwa. Magugu yalipoota humo akaamua kupanda maua, akaanza kuandika katika safu yake habari za bustani hiyo na za leprikoni waliohamia humo, ambao, kwa maneno yake, yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwaona. Bustani hiyo, yenye upana wa sentimita 60 hivi, ilizinduliwa siku ya Mtakatifu Patrisi mwaka 1948, na kwa miaka mingi ilitambuliwa kuwa ndogo kuliko bustani zote za umma duniani. Watu wa mji huo wakawa wakiiletea vitu vidogo vidogo, likiwamo bwawa la kuogelea la vipepeo lenye ubao wake wa kurukia. Mashimo katika barabara zetu hayahitaji kutafutwa kwa tochi, na sitaki kuingia huko. Lakini kila shule ina kona ya uwanja ambayo haina kazi, na kutengeneza bustani ya upana wa sinia, yenye kibaraza cha vifuu, njia ya kokoto na mlango wa kijiti cha mua, ni kazi ambayo darasa zima linaweza kuifanya kwa juma moja bila mzazi kutoa hata shilingi.

Michezo mingine niitaje kwa ufupi. Mtoto mmoja awe leprikoni, akae na kiatu na kijiti cha kugongea. Mwenzake amkodolee macho. Wengine wote wajitahidi kumfanya mkodoaji ageuke, kwa maneno tu, bila kumgusa. Anayegeuka anakuwa leprikoni. Au leprikoni aliyekamatwa ajikomboe kwa vitendawili, atege yeye, wategue wenziwe, na wakishindwa wampe mji kama ilivyo desturi yetu, mpaka amiliki kuanzia Pangani hadi Horohoro.

Kuhusu dhahabu yenyewe, naona ajabu kwamba tumeagiza sarafu za chokoleti wakati Tanga ina chungu chake cha dhahabu kinachotafutwa mpaka leo na watu wazima wenye ndevu. Nani hajasikia habari za mali za Mjerumani? Nani hajaonyeshwa jengo la kale ambalo eti chini yake kuna rupia? Wapo waliochimba usiku, na wapo waliouza kiwanja ili kumlipa mtu aliyedai ana ramani. Sarafu zenyewe si za kubuni. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliozingirwa na majeshi ya adui walipiga huko Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya milima. Mtoto anaweza kuichora tembo huyo kwenye kadi ya mviringo, akaipaka manjano au akaikwaruzia penseli juu ya kizibo cha soda kilichopondwa, na kukijaza chungu cha leprikoni wa darasa lao. Akimaliza amuulize babu yake alisikia nini juu ya rupia. Ninaamini babu atakuwa na mengi, na mengine yatahitaji paukwa na pakawa.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, Mhariri. Waairishi wenyewe hawakumhifadhi leprikoni kwa kofia. Kati ya mwaka 1937 na 1939, tume ya taifa lao iliyoshughulikia masimulizi ya jadi iliwaomba walimu wa shule za msingi wawatume wanafunzi wa madarasa ya juu, wa umri wa miaka 11 hadi 14, wakawaulize wazazi, babu, bibi na majirani habari za kale, kisha waziandike katika madaftari badala ya insha za kawaida. Zaidi ya watoto 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 walishiriki. Waliandika dawa za miti shamba, michezo, majina ya mashamba, habari za njaa kubwa ya viazi iliyoanza mwaka 1845, hazina zilizofukiwa na, bila shaka, leprikoni, na watoto wengi waliandika jina la aliyewasimulia na mahali anapoishi. Kurasa hizo, takriban 740,000, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dublin kiitwacho University College Dublin, na sasa yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma bure, pamoja na mwandiko wa mtoto na doa la wino lililomwangukia. Wazee waliohojiwa wamekwisha kufa wote. Wengi wao hawakuwahi kuandika chochote maishani.

Mkoa wetu hauna upungufu wa mambo ya kuuliza. Mwishoni mwa karne ya 19 Abdallah bin Hemedi aliandika kwa Kiswahili habari za watawala Wakilindi wa Usambaa, tangu Mbegha mwindaji wa nguruwe, na kama asingefanya hivyo sehemu kubwa ya habari hizo tungekuwa tunazibahatisha. Huyo alikuwa mtu mmoja. Madarasa ya tano na sita ya wilaya moja tu ni maelfu ya waandishi. Wanaweza kuuliza juu ya mizimu ya Mapango ya Amboni na sadaka zinazowekwa humo, juu ya Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni, anayesimuliwa kuwa alijificha humo miaka ya 1950, juu ya chunusi na kibwengo, juu ya kilichoonwa na babu kwenye mashamba ya mkonge usiku wa zamu. Mwalimu akianza na leprikoni, na hasa na ule utepe mwekundu, atawapatia watoto swali jepesi la kwenda nalo nyumbani: kwetu ni nani aliyekuwa akificha mali, na alikuwa akiwadanganyaje watu? Nimelijaribu swali hilo kwa wale watoto wa barazani kwangu. Mmoja alirudi kesho yake na habari za nyoka wa shimoni anayelinda ngawira, aliyosimuliwa na bibi yake mzaa mama kutoka Handeni, na wenzake wawili walikataa kabisa kwamba nyoka huyo yuko Handeni, wakasema yuko kwao.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Shule zinazokusudia kuendeleza siku hiyo ziwaeleze wazazi mapema hadithi itakayosimuliwa, zifute orodha ya manunuzi, na zimwachie kila mzazi uhuru wa kumruhusu mtoto wake au kutomruhusu bila kumwekea alama yoyote. Gazeti lako nalo, ikikupendeza, litenge nusu ukurasa kila Jumamosi kwa ajili ya hadithi zilizoandikwa na watoto kutoka kwa wazee wao, zikiwa na jina la kijiji zilikotoka. Kazi ya kuzipokea, kuzisoma na kusahihisha tahajia nitaifanya mimi bila malipo, ila sitagusa lugha ya mtoto wala ya bibi yake. Shule zitakapofunguliwa baada ya likizo ya Juni nitakuwa tayari na madaftari ya kwanza, na hilo la nyoka wa ngawira nitakuletea likiwa na maelezo ya pande zote mbili.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga